Chozi Huja Asubuhi

Tik. Kimya kifupi. Tik-tik-tik. Kisha kimya kirefu, kile ambacho mtu aliyesoma kupita kiasi hukijaza maana.

Geita ni mji ambao ardhi yake hupasuliwa kwa ratiba. Mgodi ukilipua mwamba mchana, madirisha ya mtaa wetu wa Kalangalala hutetemeka, vikombe hugongana kabatini, na shangazi yangu huendelea kupepeta mchele bila hata kuinua kichwa. Nami niliendelea na shughuli zangu, yaani kulala. Milipuko ile, ambayo inaweza kuhamisha kilima, haikuwahi kunisumbua. Kilichonitoa kitandani, moyo ukinienda mbio na blanketi likiwa shingoni kama skafu, kilikuwa kitu kinachogonga kioo cha dirisha kwa nguvu za ukucha wa mtoto mchanga.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba chuo kimemtuma mtu. Naiandika kwa sababu ndiyo iliyonijia, si kwa sababu ilikuwa na akili. Nilirudi kulala chali, nikaipima. Chuo chetu, ambacho hakijawahi kutuma ratiba ya mitihani kwa wakati, kimepata gari, dereva na ramani ya kufika kwa shangazi yangu, na sasa mjumbe wake amesimama nyuma ya nyumba asubuhi hii, akigonga kwa adabu. Niliona inawezekana.

Nilikuwa na sababu ya kukiogopa chuo. Majuma machache kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yangu ya uzamili, inayohusu namna vichaka vinavyochipua upya ndani ya ngitili, yale malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa mvua ili ng'ombe wapate pa kula kiangazi. Nilikuwa nimepima vichaka vya ngitili za Didia, kwetu Shinyanga, shina kwa shina. Nilikuwa na majedwali. Nilikuwa na picha za kila kitalu kutoka kila pembe. Nilizungumza vizuri, kwa sentensi zenye mwanzo na mwisho, hadi nikamaliza. Ndipo mtahini wa nje, mzee mmoja mwenye sauti ya upole, alipovua miwani, akanitazama, akauliza swali lake la kwanza na la mwisho.

"Kwa hiyo?"

Basi. Nilitafuta jibu katika majedwali, halikuwamo. Niligeukia ukutani, ambako slaidi yangu ya mwisho ilikuwa ikiwashukuru kwa kunisikiliza. Kisha nikakusanya karatasi zangu, nikazilinganisha kingo, kwa kuwa hata anayekimbia anaweza kukimbia kwa mpangilio, nikatoka. Nilipanda basi la Geita badala ya la Shinyanga. Didia yupo mama, na mama angeuliza imekuwaje. Shangazi hushinda sokoni akiuza vitenge, na jioni huwa amechoka mno kuuliza chochote.

Jopo, kwa ukarimu ambao niliuchukulia kuwa dharau, lilisema litakaa tena kabla ya muhula kwisha. Msimamizi wangu alinitumia ujumbe mfupi: nipige simu, niseme tu kwamba nitakuwepo. Nisipopiga, jina langu litaondolewa orodhani, na ile miaka yangu ya kupima vichaka itabaki kuwa burudani binafsi. Simu moja. Ujumbe ule niliujibu kwa kubadilisha laini.

Tik-tik.

Nilifungua pazia. Shangazi amejenga nyumba ya kisasa, na fahari yake kuu ni madirisha ya alumini yenye vioo vya giza, vile ambavyo aliye ndani huona nje na aliye nje hujiona mwenyewe tu. Upande wa pili wa kioo, karibu kabisa na pua yangu, ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda kama sindano ya kushonea magunia alikuwa vitani. Kichwa na mgongo vilikuwa vya kijani kinachometa kama gamba la mbawakawa. Kifuani alikuwa na mshipi mwekundu. Na nyuma yake yalining'inia manyoya mawili marefu ya mkia, mfano wa nyuzi ambazo fundi alisahau kuzikata. Alikirukia kioo, akakidonoa, akarudi kwenye tawi la mpera, akajitengeneza, akarukia tena. Adui yake alikuwa na mshipi mwekundu uleule. Adui yake hakuonyesha dalili ya kuchoka.

Sikuhitaji mtu wa kunifasiria tamthilia ile. Niliielewa, nikaidharau kwa wepesi wake, nikarudi kitandani. Kesho yake akaja tena, na keshokutwa, hadi ikawa yeye ndiye mtu pekee mwenye kunifuatilia maendeleo.

Nikamtafuta vitabuni. Kwa Kiswahili anaitwa chozi. Sikulitunga mimi jina hilo. Yeyote aliyelitunga, akiwa na silabi zote za lugha mbele yake, aliona inafaa kwamba ndege mwenye rangi za harusi aitwe kama maji ya macho. Kwetu Didia tulikuwa tukimwita ndege, kama tulivyowaita ndege wote ambao hawaliwi. Lakini mimi ni mtu wa usahihi. Tangu siku ile nikamwita chozi, kwa kila mtu, bila maelezo ya ziada, kana kwamba nchi nzima imesoma kitabu kile kile.

Wakati huo makazi yangu halisi yalikuwa mtandaoni, na huko nilikutana na Wamarekani wastaafu. Watu hawa hutundika vyombo vya maji ya sukari uani kwao, kisha hukaa kwenye viti virefu na kamera wakiwangoja ndege wao wavumao, wale wadogo kama kidole gumba ambao huelea hewani mbele ya ua, mabawa yakipotea kwa kasi. Wote waliapa kwamba jambo hilo limewatuliza. Mmoja alidai limemponya huzuni ya kustaafu. Nilifikiri: kama mtu anaweza kuponywa huzuni ya kulipwa bila kufanya kazi, mimi nitashindwaje?

Ndege wale hawapo Afrika. Hilo nililijua, nimesoma. Lakini chozi hunywa maji ya maua vilevile, na nilikuwa na kamera yangu ya utafiti, ambayo tangu siku ya jopo ilikuwa haijapiga hata kichaka. Nikachukua chupa ndogo ya soda, nikaitoboa matundu karibu na kifuniko chake chekundu, nikajaza maji yenye sukari, sehemu moja kwa nne, nikaitundika kichwa chini kwenye mpera kwa waya. Kioo nilikifunika kwa nje na kipande cha kitenge, ili mpiganaji apumzike na ajue kwamba kuna mambo mengine maishani. Kisha nikaketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kamera mkononi, nikasubiri kutulia.

Wa kwanza kufika walikuwa nyuki. Wa pili walikuwa sisimizi, ambao waligundua waya siku ileile na kuugeuza barabara kuu. Shangazi akagundua kwamba sukari ya nyumba inakwisha kwa mwendo usioelezeka, akauliza, nikamwambia ni ya chozi. Alinitazama kidogo, akaenda zake sokoni. Nilidhani ameelewa.

Chozi mwenyewe alipokuja alinivunja moyo. Nilikuwa nimeandaa kasi ya kamera kwa ajili ya ndege anayeelea. Yeye alitua juu ya chupa, akakunja miguu, akakaa kitako kama mzee wa baraza aliyeletewa uji, akainama, akanywa, akafuta mdomo kwenye waya, akanywa tena. Hakuna kuelea, hakuna kuvuma. Kama angekuwa na fimbo angeiegemeza pembeni. Nilijaribu kumpiga picha na nikapata picha kali sana, yenye mwanga mzuri, ya tawi ambalo alikuwa ametoka punde. Picha iliyofuata ilikuwa ya tawi hilohilo. Kwa kweli hazina yangu ya matawi yaliyoachwa na ndege haina mshindani katika kanda yote ya ziwa. Baadaye nilifaulu kupata mkia, na siku moja ya neema nikapata nusu ya kichwa. Jike lake, mwenye rangi ya vumbi na asiye na makuu, alikaa mbele ya kamera kwa utulivu muda wote niliotaka. Mimi, kwa akili za watu wengi, nikawa namsubiri mume.

Nyuma ya nyumba ya shangazi kuna chumba cha kupangisha, na wakati huo alikipanga mchimbaji mdogo wa dhahabu ambaye shimo lake, au duara kama wanavyoliita wenyewe, lilikuwa limejaa maji. Alikuwa akisubiri likauke, kwa hiyo alikuwa na muda. Aliiangalia chupa, akaniangalia mimi, akaiangalia kamera, akapiga hesabu.

"Dada msomi, kitu hicho kinapima nini?"

Nikamwambia kinalisha ndege. Alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima ya mtu aliyedanganywa na mtaalamu. Akaomba kuona picha. Nikamwonyesha tawi. Akauliza ndege yuko wapi, nikamwambia ametoka. Nikamwonyesha tawi jingine, na jingine, na kila lilipopita uso wake ulizidi kuwa makini. Alikuwa akiangalia ardhi iliyo nyuma ya tawi. Siku zilizofuata nilikuta udongo wa chini ya mpera umechotwa kwa ustadi, kidogo huku na kidogo kule. Mwishoni alinijia na sura ya mtu anayetoa rambirambi, akaniambia ameupeleka karasha, wameusaga na kuuosha, hamna kitu, na mimi bado ni kijana, nisikate tamaa.

Basi hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu, na niseme ukweli kwamba hayakuwa mabaya. Kila asubuhi niliahidi kumpigia msimamizi simu baada ya chozi kunywa. Baada ya kunywa niliona ni heshima kumsubiri anywe mara ya pili. Mwisho wa muhula ulikuwa ukikaribia kwa mwendo wa kawaida wa siku, nami nilikuwa nikirekebisha mwanga.

Ndipo mama, aliyepewa namba yangu mpya na shangazi, alipopiga.

Mama huzungumza Kisukuma nyumbani, shambani, na kwa ng'ombe. Simuni huhamia Kiswahili, kana kwamba upande wa pili wa simu kuna ofisi ya kata. Ni Kiswahili cha kujifunza ukubwani, kinachotembea bila kujali sana viambishi. Ng'ombe akiwa mgonjwa linaweza kuwa limelala, na kiti kikivunjika huenda amevunjika. Nimekua nikikisikia na sijawahi kukisahihisha. Mtu hamsahihishi mzazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mayu." Mayu ni mama, kwetu mzazi humwita hivyo binti anayemwonea huruma. "Unashinda wapi siku hizi?"

"Nashinda uani. Nasubiri chozi."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Linakuja?"

"Huja asubuhi. Na jioni kidogo, jua likipoa."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama. Siku nyingine huja hata kabla sijanawa uso."

"Na likija unafanyaje?"

"Nakaa kimya tu, naangalia. Nikiweza napiga picha."

"Unalipiga picha."

"Ndiyo. Ili baadaye nikiwa peke yangu niangalie vizuri."

Nilimsikia akivuta pumzi ndefu. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Nimeyarudia mazungumzo hayo mara nyingi, kwa sababu ndiyo kazi ninayoiweza, na bado naona kwamba kisarufi sikukosea. Yeye alisema linakuja. Mimi nikadhani ni kosa lilelile la ng'ombe limelala. Kwa adabu nikaliacha lipite. Nami kwa upande wangu nilisema huja, umbo la mazoea, ambalo kwa bahati ya pekee ndilo umbo la kitenzi cha Kiswahili lisilobeba kiambishi cha mtenda. Ndege huja, machozi huja. Hu- haiulizi nani. Kama ningesema anakuja hata mara moja tu, pengine haya yote yasingetokea. Lakini siku ile nilichagua kuzungumza kwa ufasaha.

Yaliyofuata niliyajua baadaye. Mama alimpigia shangazi. Shangazi alithibitisha kwamba ni kweli, nakaa uani tangu asubuhi, sizungumzi, macho yamekodoka, na kwamba sukari inakwisha na nikiulizwa nasema ni ya chozi. Akaongeza, kwa nia njema, kwamba kuna chupa. Mama akauliza chupa ya nini. Shangazi akasema hajui, ila nimeitundika kwenye mpera na kila asubuhi naijaza.

Kutoka hapo nilianza kuona wema. Shangazi alirudi kutoka sokoni na sangara, siku ambayo si sikukuu. Alipunguza sauti ya redio. Alinisemesha kama mtu anayebeba trei ya mayai. Jioni moja alikaa karibu yangu kwenye ndoo nyingine, akaitazama chupa kwa muda, akasema kwamba hata yeye alipoachwa na mume wake alikonda, lakini yalipita. Nilimshukuru. Nilifikiri umri unamlainisha.

Jumamosi moja geti likafunguliwa na mama akaingia, kikapu kichwani, na nyuma yake mama mdogo, ambaye alikuwa amechukuliwa njiani kutoka Ushirombo kwa sababu maalumu. Mama mdogo ndiye mtaalamu wa ukoo. Rozari yake imezunguka vidole vya wagonjwa wengi, na wengi wao wamepona au wamekufa vizuri.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema kabla hajafika.

"Milele amina. Shikamooni."

Hawakuitika mara moja. Walinitazama usoni, kila mmoja jicho moja, kama wanaokagua ndama mnadani. Walikuwa wameleta kuku hai na matobolwa, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, chakula ambacho mama huamini kinaweza kushusha homa na kupandisha alama. Mpangaji alitoka chumbani, akaamkia, akaona rozari, akarudi ndani na kufunga mlango polepole.

Mama aliketi kwenye ndoo yangu. Alisifu nyumba. Aliuliza habari za mpera. Kisha, akiangalia pembeni kabisa, akauliza:

"Na lile chozi?"

Sikujua kwamba amesafiri kupitia Kahama na Ushirombo kwa ajili ya swali hilo. Nilifurahi tu kwamba anajali mambo yangu.

"Bado," nikamwambia. "Lakini sasa hivi tu. Huu ndio wakati wenyewe."

Wakatazamana.

"Lina saa?" mama mdogo aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kabisa. Ila wageni wakiwepo huwa na aibu kidogo. Tukae kimya."

Mama mdogo akapiga magoti hapohapo kwenye vumbi, akafanya ishara ya msalaba, akaanza. Niliona ni uchaji wa kupindukia kwa shughuli ya kuangalia ndege, lakini kila mtu na mbinu zake; kuna Wamarekani wanaovaa nguo za majani. Mama aliushika mkono wangu. Tulikaa hivyo sote watatu tukiitazama chupa, mmoja akisali, mmoja akinihurumia, mmoja akiwaza mwanga, hadi kitu cha kijani kikakatiza uani, kikatua juu ya chupa, kikakunja miguu na kunywa.

"Huyo," nilinong'ona. "Chozi."

Mama alimtazama ndege. Akanitazama mimi, macho yangu makavu. Akaitazama chupa. Niliona uso wake ukipita mahali kadhaa kwa mpigo, na wangu, nadhani, ukimfuata nyuma, kwa sababu hapo ndipo upatanisho wote wa ngeli uliponirudia, li- kwa li-, kuanzia simu ile.

"Huyu ndiye chozi."

"Ndiye, mama."

"Ndege."

"Ndege."

Alianza kutikisika mabega. Mama hacheki kwa sauti. Hucheka kwa mabega, na kikapu kikiwa mapajani kuku naye hutikisika. Mama mdogo alifungua jicho moja, akaona kila kitu, akalifumba. Alikuwa katikati ya fungu la rozari, na mafungu hayaachwi njiani kwa sababu tu mgonjwa amepona.

Chozi aliposhiba alirukia dirisha la jikoni, ambalo sikuwa nimelifunika. Tik. Tik-tik. Mama aliuliza anapigana na nani, nikamwambia na yeye mwenyewe, anajiona kwenye kioo. Nikamweleza kwamba ni dume, kwamba ni msimu wa kuzaliana, kwamba kila dume hulinda eneo lake la maua na hawezi kustahimili dume mwingine. Nilieleza vizuri, kwa sentensi zilizokamilika. Nilipofika mwisho mama alikuwa akimenya ganda la kiazi kwa kucha, akasema:

"Kwa hiyo?"

Nilihisi miguu yangu ikikusanya karatasi. Mama alinisogezea tobolwa.

"Endelea basi, nasikiliza."

Nilimtazama. Ndivyo alivyokuwa akisema tangu utotoni, jioni tukimsimulia ya shuleni huku yeye akikoroga ugali. Kwa hiyo, na sisi tukaendelea. Kwa hiyo, na ngumi ikapigwa, na mwalimu akaingia. Hakuna siku neno hilo lilifunga hadithi kwetu, lilikuwa kuni. Mimi nilikwenda chuoni nikajifunza maana nyingine, ile ya Kiswahili cha wenye miwani, ambayo hufunga mlango.

Sikutaka kulia, hasa siku ile, hasa mbele ya mama mdogo. Nikaendelea. Nilisema kwamba chozi hufuata maua, na kwamba ndani ya ngitili vichaka vya maua ndivyo vinavyochipua kwanza. Kwa hiyo, alisema mama. Kwa hiyo ndivyo vinavyoliwa kwanza, ng'ombe wakiingizwa mapema. Kwa hiyo. Kwa hiyo mwaka unaofuata havirudi, inarudi miiba peke yake, na mwenye ngitili hudhani mvua imepungua. Nilikuwa nimepima hayo yote, shina kwa shina, na sikuwahi kuyasema kwa mpangilio huo, kwa sababu majedwali hayana mahali pa kuandika kwa hiyo. Kisha, kwa kuwa nilikuwa tayari nazungumza, nikamweleza habari za jopo, na mzee aliyevua miwani, na alichoniuliza, na mlango.

Mama alitafuna hadi akamaliza.

"Ukamwacha bado anasikiliza?"

Nilimwambia kwamba hakuwa akisikiliza, alikuwa akinidhalilisha, kuna tofauti ya toni. Mama akauliza kama aliinuka. Hapana. Kama alifunga karatasi zake. Hapana. Alivua miwani tu.

"Mtu amevua miwani akusikie vizuri, mayu, na wewe unamwachia kiti."

Nimelipima jambo hili tangu siku ile. Kuvua miwani hakuongezi usikivu. Hakuna ushahidi wa hilo. Inawezekana kabisa kwamba mzee yule alitaka kunimaliza, na mama anawahukumu watahini wa nje kwa desturi za jikoni kwake. Maana zote mbili zinaruhusiwa na lugha. Lakini moja ilikuwa imenikalisha kwenye ndoo majuma yote haya, na nyingine ilikuwa imekaa mbele yangu ikila viazi.

Nikatoa simu. Niliangalia kama chaji inatosha; ilitosha. Niliangalia mtandao, ulikuwepo, kwa mara ya kwanza juma lile, bila aibu yoyote. Nikajitetea kwamba Jumamosi si siku ya kazi na si vizuri kumsumbua mwalimu. Mama akasema apokee au asipokee, hilo ni lake. Nikapiga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikajitambulisha. Kwa sauti ya mtu aliyekwisha kunizika na sasa analazimika kufukua, akaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizi.

"Geita, mwalimu. Nilikuwa naangalia chozi."

Nyuma yangu mama mdogo alikuwa amefika kwenye litania, na hafichi sauti kwenye litania. "Utuombee," alisema, na tena, "utuombee."

Sauti ya msimamizi ikashuka ghafla. "Pole sana. Sikujua kabisa. Mmefiwa na nani?"

"Mwambie ni ndege," mama alisema bila kuinua kichwa kutoka kwenye kiazi chake.

Nikamwambia ni ndege. Nikamwambia kwamba nitakuwepo kikao kikikaa, na kwamba lile swali nilikuwa sijalimaliza. Upande wa pili kukaingia kimya, kile kirefu. Dirishani chozi alikuwa amerudi kazini, tik, tik-tik. Sikungoja niulizwe. Nilianzia kitalu cha kwanza, kile kilicho karibu na kisima cha kwetu, pale ambapo mwaka ule ng'ombe waliingizwa mapema, nikaendelea.